Vichwa vya Upande wa Pili

"Geuza shingo kidogo, Mwalimu."

Mwalimu akageuza. Fungu akateremsha mashine nyuma ya sikio lake, taratibu, lakini macho yake hayakuwa kwenye sikio. Yalikuwa kwenye kioo. Kioo kile kilitundikwa kombo tangu siku ya kwanza, kimeelemea mlangoni, kwa hiyo kinyozi aliyesimama nyuma ya kiti aliona nusu ya uso wa mteja, na nusu iliyobaki aliona barabara, na ng'ambo ya barabara aliona saluni ya shemeji yake. Asubuhi ile, hata saa nne haijafika, alikwisha kuhesabu vichwa vitano vilivyoingia kule vikiwa vichaka na kutoka vikiwa vinang'aa. Yeye, tangu afungue, alikuwa na huyu Mwalimu tu.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika pale mtaani. Walimwita Fungu, kwa sababu ya fungu la kumi. Kila Jumamosi alipofunga duka alitenga sehemu ya kumi kabla hajagusa hata pesa ya mkate, akaitia kwenye bahasha ya kanisa yenye namba saba, na Jumapili akaitumbukiza kapuni. Miaka kumi na mmoja, hakukosa. Mwaka ulipokwisha na mhazini akasimama kusoma orodha ya watoaji, namba saba haikuwa na pengo hata moja. Wengine walimwita Fungu kwa utani, wengine kwa heshima. Yeye alipokea yote kama heshima. Ukutani nje ya duka aliandikisha kwa rangi nyekundu TIA MAJI, maana, alisema, hakuna asiyejua mwenzake akinyolewa afanye nini.

Shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mkewe, alifungua miezi saba iliyopita. Fungu alicheka. "Mwanamke awanyoe wanaume? Wiki ya kwanza watakwenda kushangaa, wiki ya pili watarudi." Wiki ya kwanza walikwenda kushangaa, kweli. Wiki ya pili walikwenda kunyolewa. Shemeji alikuwa na kiti kinachozunguka na kulala chali, taulo za moto, na mkono mwepesi ambao mteja hakuusikia mpaka umekwisha.

Na hakuwa na bahasha. Hilo ndilo lililomkwama Fungu kooni kama mwiba wa samaki. Siku moja walipokuwa wakinywa chai nyumbani kwake alimwambia, "Shemeji, chukua bahasha kanisani. Mtu asiyetoa anatoboa mfuko wake mwenyewe."

Shemeji akacheka, mdomo umejaa mkate. "Kwanza nimalize kulipia kiti, Shemeji. Mwenye kiti naye ana watoto. Nikijaliwa natoa, lakini natoa kwa mkono. Changu hakina namba."

Hakina namba. Fungu alilitafuna neno hilo mwezi mzima. Alikuwa ametoa miaka kumi na mmoja, kwa namba, na benchi lake lilikuwa tupu. Huyu anatoa akijaliwa, na wateja wake wanasimama nje wakisubiri wenzao waondoke. Kisha Jumapili moja mchungaji alipanda mimbarini akiwa amenyolewa upya, na Fungu akajua papo hapo ni mkono wa nani. Hakusikia mahubiri. Alilitazama paji la uso la mchungaji, jinsi ukingo wa nywele ulivyokwenda kutoka panja moja hadi jingine bila kuyumba, na kilichomuuma zaidi ya mchungaji kuhama ni kwamba yeye Fungu, kwa miaka ishirini ya kazi, hakuwahi kuupata ukingo kama ule.

"Hapo nyuma pananiwasha," alisema Mwalimu.

Fungu akainamisha macho. Kisogoni, chini kidogo ya ukingo wa nywele, palikuwa na doa la mviringo, kubwa kama sarafu, lenye magamba meupe.

"Mapunye," alisema.

"Mapunye? Mtu mzima mimi?"

"Mapunye hayaulizi umri." Fungu akazima mashine. Halafu akauliza, ingawa jibu alilijua, maana alimwona kwenye kioo. "Mara ya mwisho ulinyoa wapi?"

Mwalimu akakohoa kwa haya. "Unajua... nilipitia kule kwa shemeji yako. Mara moja tu. Kabla yake nilikuwa hapa hapa kwako."

Fungu alinyamaza. Kama angeendelea kunyamaza, kusingekuwa na hadithi. Kwenye rafu, kando ya poda, ilisimama chupa yake ya spiriti, na yeye peke yake alijua kwamba ndani yake nusu ilikuwa maji. Alianza kuichanganya biashara ilipopungua. Aliita kubana matumizi. Upande wa pili alikuwa amemwona shemeji yake mara mia akifuta mashine kwa spiriti tupu kabla ya kila kichwa, mpaka harufu ilivuka barabara.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Yule ni ndugu. Ila mashine isipofutwa, Mwalimu, ndiyo haya."

"Hafuti?"

"Nimeona kwa macho yangu," alisema Fungu.

Maneno matano hata hayakufika. Mwalimu aliondoka na kisogo kilichopakwa dawa, na Mwalimu ana wanafunzi, na wanafunzi wana wazazi, na wazazi wana vichwa.

Ijumaa benchi la Fungu lilikuwa na watu watatu. Jumamosi walikaa mpaka kwenye ngazi. Alinyoa tangu asubuhi hadi kiganja kikafa ganzi kwa mtetemo wa mashine, na kila alipoinua macho kwenye kioo aliona mlango wa kioo wa upande wa pili, umefungwa, safi, hauingii mtu. Moyo wake ulikuwa unaruka kama wa mtu aliyeokota kitu njiani na bado hajageuka nyuma kuona kama mwenyewe anakuja.

Jumapili mkewe alikuwa anampigia pasi shati la kanisani. Mkewe ni mwanamke asiyepandisha sauti. Husema jambo kubwa na dogo kwa sauti ile ile.

"Wiki hii umejaza," alisema.

"Bwana ametukumbuka, mama."

Pasi ikasimama kidogo kwenye kola. "Ametukumbuka sisi kwa kumsahau mdogo wangu?"

"Biashara ni biashara. Wateja wana miguu."

"Jana nilipita kwake," alisema mkewe. "Nimemkuta amekalia kile kiti peke yake. Anakizungusha kwa mguu." Akampa shati. "Lina joto bado, angalia."

Kanisani, mhazini alipoipokea bahasha aliibonyeza kwa vidole viwili, akatabasamu. "Namba saba imenenepa, Fungu! Mwaminifu halali njaa." Fungu naye alitabasamu. Aliporudi kukaa aliona kwamba tabasamu limemganda usoni, na haliondoki.

Wiki ya pili ikapita hivyo. Wiki ya tatu, Jumamosi, alifunga mlango mapema, akatoa droo ya pesa, akaiweka juu ya kiti cha kunyolea ili atenge sehemu ya kumi kama kawaida. Ndipo kazi ilipomshinda.

Kinyozi hasahau kichwa. Anaweza kusahau jina, hata sura, lakini kichwa kimempitia mikononi: bonde lake, kovu lake, kile kinundu nyuma ya sikio ambacho mwenyewe hajawahi kukiona. Fungu alishika noti ya kwanza akajua ni ya dereva mwenye visogo viwili, wake tangu zamani. Akaiweka kulia. Ya pili ilikuwa ya fundi bomba, ambaye tangu mwaka huu alikuwa wa upande wa pili. Akaiweka kushoto. Hakukusudia kuzigawa; mikono iligawa yenyewe. Ya muuza vitabu, kushoto. Ya mlinzi wa benki, kushoto. Za ndugu wawili wenye ndevu, kushoto, kushoto. Alipomaliza, rundo la kulia lilikuwa la siku zake zote, dogo, lile analolifahamu. La kushoto lilikuwa limelala pale kama lililoanguka kutoka mfukoni kwa mtu.

Sasa atoe sehemu ya kumi ya rundo lipi? Akitoa ya kulia tu, amekiri kwamba ya kushoto si yake. Akitoa ya kushoto, atakuwa amemchukua Mungu akamkalisha kwenye benchi lake, wagawane. Alikaa chini kwenye ngazi ya ndani, kichwa mikononi. Na hata pale, wivu haukumwacha. Alimwonea wivu shemeji yake kwa kuwa jioni ile, pamoja na benchi lake tupu, hakuwa na kitu cha kugawa.

Mwishowe alilichukua rundo lote la kushoto, akalisukuma kwenye bahasha namba saba mpaka ikapasuka pembeni, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Hakujua anaipeleka wapi.

Kesho yake kapu lilipofika kwenye mstari wake, Fungu alilipokea kwa mikono miwili na kulipitisha kwa jirani, tupu kama lilivyomjia. Bahasha ilikuwa kifuani, aliisikia ikikwaruza. Jirani yake alikuwa bibi mmoja muuza mkaa, ambaye vidole vyake havikutakata kwa sabuni yoyote. Bibi akamtazama, akatazama kapu, akatumbukiza sarafu moja na kuendelea kuimba bila kukosa ubeti. Fungu akamwonea wivu huyo pia. Sarafu moja, na sauti yake imetulia vile!

Jumatatu, kabla hajamaliza kufagia, kivuli kikaziba mlango.

"Hodi, Shemeji."

Alikuwa amevaa lile koti lake jeupe, limepigwa pasi kama la siku ya kazi, ingawa kazi haikuwepo. Amekonda usoni. Fungu akamwambia karibu, akalifuta benchi kwa taulo, akaanza kuulizia habari za nyumbani na za afya, moja baada ya nyingine, ili nafasi ya kunyamaza isipatikane.

"Nzuri," alisema Shemeji. "Si nzuri. Umesikia wanayosema?"

"Watu hawakosi la kusema."

"Wanasema nawaambukiza mapunye. Kuna mtu amesema ameona kwa macho yake sifuti mashine." Akatazama mikono yake. "Simjui. Na sitaki kumjua, Shemeji. Nikimjua nitashindwa kusali."

Fungu alizungusha fagio mahali pamoja, akifagia nywele zilizokwisha kufagiwa.

"Nimekuja kuomba kitu. Wewe watu wanakuamini. Hapa mtaani, Fungu akisema, imesemwa. Jumamosi ijayo njoo kwangu. Kaa kwenye kiti changu, mlango wazi, nikunyoe mbele za watu. Basi. Husemi kitu. Wakiona kinyozi mwenzangu amenipa kichwa chake, tena wewe, yatakwisha."

"Mimi?"

"Najua ni kukushusha. Nitakuwa nimekuvukisha barabara mbele ya wateja wako. Lakini sina mwingine."

Angesema nini? Alisema atakuja. Shemeji akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na Fungu akasikia kwamba mikono ile bado ilikuwa na harufu ya spiriti, mikono ambayo kwa wiki tatu haikuwa imegusa zaidi ya vichwa kumi.

Alipoondoka, jambo lile lilianza kumpendeza. Alilitazama upande huu na upande ule, kama unavyotazama shati dukani. Akikaa kwenye kiti, maneno yatakufa. Shemeji atapata wateja wake. Mkewe atatulia. Na hakuna atakayejua. Tena watu watasema, mwoneni Fungu, amemsimamia mshindani wake. Dhambi ingefutika, na juu yake angepata sifa. Siku nne alitembea na wazo hilo, akalala nalo vizuri. Kilichomsumbua ni bahasha tu, iliyokuwa bado kwenye koti.

Jumamosi alivuka barabara saa tano, benchi la Shemeji likiwa limejaa. Hawakuwa wateja, wengi walikuja kutazama. Alikuwepo fundi bomba. Alikuwepo mzee mmoja mstaafu mwenye fimbo, ambaye huenda popote penye benchi. Na kwenye kona, gazeti likiwa wazi magotini, alikuwepo Mwalimu.

"Karibu kiti, Shemeji," alisema mwenye saluni, na sauti yake ilikuwa na furaha kiasi kwamba Fungu hakuweza kumtazama.

Kiti kilimpokea kama godoro. Shuka ikamfunika mpaka magotini, ikafungwa shingoni. Alikuwa amevaa koti, na chini ya shuka mkono wake ulikwenda wenyewe kifuani, ukaishika ile bahasha. Shemeji akachukua chupa, akamimina spiriti kwenye pamba, akaifuta mashine mbele ya watu wote, meno yote, juu na chini, halafu akafuta tena. Harufu ikamchoma Fungu machoni.

"Ndugu zangu," alisema Shemeji, "sina maneno mengi. Huyu ndiye aliyenifundisha kwamba mtu akifanya kazi amtangulize Mungu. Mimi ni mshindani wake. Angeweza kunyamaza akala. Lakini amevuka barabara."

"Amina," alisema mzee mwenye fimbo.

Mashine ikaanza kulia. Ilianzia upande wa kulia, juu ya sikio, ikapanda hadi utosini, na Fungu akausikia ule mkono mwepesi ambao watu walikuwa wakiusimulia. Ulikuwa mwepesi kuliko walivyosimulia. Akafikiri: hata hili ni kweli. Hata hili anaweza kuliko mimi. Wivu ukampanda, ule ule wa siku zote, haukuwa umepungua hata chembe kwa sababu ya wema aliokuja kufanya.

Akainua macho. Mwalimu alikuwa anamtazama juu ya gazeti. Alimkonyeza tu, kwa jicho moja, taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake: usijali, siri yako iko salama kwangu.

Jicho lile ndilo lililomshinda. Angevumilia kushutumiwa. Kukonyezwa hakuweza.

"Simama kidogo," alisema.

"Nimekukata?"

"Hujanikata. Simama." Hakusubiri mashine izimwe, kwa hiyo ilimbidi apaze sauti, na ikawa kama anapiga mnada. "Aliyesema ameona kwa macho yake ni mimi. Nilimwambia Mwalimu pale. Sikuona kitu. Nilichoona kila siku ni huyu akifuta mashine. Anayechanganya spiriti na maji ni mimi, duka lile pale, nendeni mkanuse chupa. Na Mwalimu alinyoa kwangu kabla hajanyoa hapa."

Gazeti likateremka. Fundi bomba akaguna, ule mguno wa mtu aliyeteleza. Mtu mmoja mlangoni akaanza kucheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

Fungu akatoa mkono chini ya shuka. Nywele zake mwenyewe zikamwagika sakafuni. Akaiweka bahasha kwenye rafu, kati ya poda na brashi; ile namba saba ilikuwa juu, na pembeni, pale ilipopasuka, noti zilikuwa zinachungulia.

"Hizi ni za vichwa vyako," alisema. "Nilizitenga. Zile za wiki nyingine, hata zile ambazo kanisa limekwisha kupokea sehemu, nitazilipa."

Shemeji hakuigusa bahasha. Hakumtazama. Aliweka mashine juu ya rafu bila kuizima, akafuta mikono kwa koti lake jeupe, mara moja, mara mbili, akapita mlango wa nyuma unaotoka uani. Mlango ukajifunga.

Fungu alibaki kwenye kiti. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umenyolewa, wa kushoto ulikuwa kichaka. Mashine ilikuwa inalia juu ya kioo cha rafu, na kwa mtetemo wake ilikuwa inatambaa, polepole, ikielekea ukingoni. Wote waliitazama. Fungu angeweza kuifikia kwa mkono lakini aliona kana kwamba hana ruhusa ya kugusa chochote humo ndani. Mwishowe mzee akainuka kwa fimbo yake, akaivuta nyuma, akatafuta swichi kwa muda mrefu, akaizima. Akarudi kukaa.

Mwalimu alikunja gazeti, akatoka, hakuaga.

Angeweza kuondoka yeye pia. Barabara ilikuwa hatua ishirini. Angevuka na kichwa chake cha nusu, akafunga mlango, akamalizia mwenyewe mbele ya kioo chake. Alifikiri hivyo mara mbili, na mara zote mbili miguu ilikaa. Alimkumbuka mkewe, usiku wa leo atamwambia, na mkewe atajibu kwa sauti ile ile anayoulizia chumvi. Alitaka kuomba, akakuta kwamba miaka yote alizoea kumwomba Mungu kama mtu aliyelipa na anadai mzigo wake, na maneno mengine hakuwa nayo.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Macho ya Shemeji yalikuwa mekundu, uso umelowa. Alikuja mpaka kwenye rafu, akaichukua mashine, akamimina spiriti kwenye pamba, akaifuta. Akaisogeza bahasha pembeni kwa kiwiko, kama unavyosogeza kikombe cha mtu mwingine, ili apate nafasi ya kuweka pamba. Halafu akashika kichwa cha Fungu kwa vidole vitano, si kwa nguvu wala si kwa upole.

"Inamisha," alisema.

Akainamisha. Mashine ikaanza upande wa kushoto.

Mtu asiyemfahamu mtu yeyote humo, mpita njia mwenye mkoba begani, akasimama mlangoni akauliza kama foleni ni ndefu. Mzee mwenye fimbo akamtazama, akamtazama mwenye saluni, halafu akasogea kidogo kwenye benchi, kumpisha.